Kodi ya Kwenda kwa Miguu

Watu wa mtaa ule walimwita Komeo, maana kazi yake ilikuwa kuchonga funguo. Ukimpelekea ufunguo uliovunjika, kabla hajauliza ni wa mlango gani, atataka kujua umevunjikaje, ulikuwa na haraka ya nini, na huyo uliyemkimbilia ulimkuta? Kibanda chake kilikuwa chini ya ghorofa, na nyuma yake kulikuwa na chumba kimoja alichoishi na mama yake mzazi.

Swali lililomkosesha usingizi lilihusu bei za mtaa wenyewe. Mayai ya pale hayakushikika. "Yai si lile lile?" alimuuliza muuza duka. "Au kuku wenu hutaga wamevaa tai?" Na kodi ya chumba chake, ambacho ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku, ingetosha kupanga nyumba nzima kule pembezoni alikoishi mdogo wake wa kike. Hata hivyo watu walivigombea vyumba vile. Ukiwauliza, wanasema kila kitu kiko karibu. Komeo hakuridhika. Tangu lini ukaribu ukauzwa?

Basi siku moja mwenye nyumba akaja anatabasamu, na tabasamu la mwenye nyumba halijapata kuwa la bure. Kodi ilikuwa inapanda. Komeo, ambaye hata ile ya zamani alikuwa akiilipa kwa kujibana, aliona maji yamemfika shingoni.

"Kaka, wewe unakamuliwa huku unashukuru," mdogo wake alimwambia. "Mlete mama kwangu. Atapata chumba chake na bustani ya kuota jua. Wewe utapanda basi kwenda kazini kama binadamu wenzako."

Komeo hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliomba wajaribu kwanza, kabla hajarudisha chumba.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa nzuri, tusimwonee mtu. Komeo aliipenda. Alitoka alfajiri na kurudi usiku, miguu imekufa ganzi kwa basi, lakini alimkuta mama ameoga, amekula, ametulia. Kule mtaani bibi huyu hakuwa na makalio ya kukaa. Alikwenda duka la dawa kununua kidonge kimoja ili apate kubishana na muuzaji, na saluni alikwenda kusikiliza tu, maana nywele zenyewe zilishapukutika zamani. Huku kwa bintiye, siku za mwanzo aliomba apelekwe kununua uzi, mkwewe akamchukua kwa gari. Mara ya pili gari lilikuwa safarini. Baada ya hapo hakuomba tena.

"Mama sasa anapumzika," mdogo wake alisema, na Komeo akaamini. Sijui sisi watoto tuna nini. Mzazi akinyamaza tunadhani ameridhika.

Jumapili moja Komeo alishinda nyumbani. Asubuhi mama alitoka chumbani amevaa viatu, mkoba mkononi, akaketi kwenye kiti karibu na geti. Jua likapanda, naye yuko pale pale.

"Bibi anamsubiri nani?" Komeo alimuuliza mpwa wake.

"Hamsubiri mtu, mjomba. Kila siku hukaa hivyo mpaka chakula kiive. Halafu anavua viatu anakuja kula."

Komeo alimwendea. "Mama, unataka kwenda wapi?"

"Popote."

"Basi twende."

Walitoka. Nje kulikuwa na barabara ya malori na ukuta mrefu, na baada ya ukuta, ukuta mwingine. Hapakuwa na njia ya waendao kwa miguu wala mtu wa kusalimiwa. Walijibanza pembeni lori lipite, vumbi likawafunika. Mama alimshika mkono.

"Mwanangu," alisema taratibu, bila kulalamika, "huku hakuna popote."

Komeo alimpangusa vumbi begani. Wiki zote zile, mpaka asubuhi ile, hakuwa amemuuliza mama yake swali hata moja.

Mdogo wake alilia walipofunga mizigo. "Nimewakosea nini?"

"Hujatukosea. Nyumba yako ni nzuri. Ila mama yeye huishi nje ya nyumba."

Ili kodi ipatikane, Komeo aligawana kibanda na fundi simu. Sasa wanafanya kazi wamebanana, mmoja akipiga chafya mwenzake anaangusha bisibisi.

"Mzee wangu," fundi simu alimwambia wiki ya kwanza, akijikunyata kwenye stuli, "pesa yote hii, unalipia nini hasa?"

Kabla Komeo hajajibu, mama alitokeza na mkoba wake, akapita katikati yao.

"Mama, wapi tena?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo tu," alisema, na alikuwa ameshafika barabarani, peke yake, anamwita mtu.