Aliyetembea Juu ya Kombi Yangu

Mimi ni mlinzi wa usiku, kwa hiyo nalala mchana, saa ambayo watu wenye akili wako kazini. Chumba cha yaya, yaani dada yangu mkubwa, hapa mtaa wa Observatory, Johannesburg, kimejaa watoto. Basi mimi nalala uani, ndani ya kombi yenye kitanda na jiko niliyouziwa na mama mmoja mzungu. Mumewe alifia humo humo kitandani. Hilo niliambiwa nikiwa nimeshanunua. Kitanda chenyewe ni kizuri sana.

Umeme wa ile kombi niliuelewa kama mtu aliyeacha shule fizikia ikiwa ndiyo inaanza. Juu ya paa kuna kioo cheusi cha sola, jua linaingia hapo, linashuka kwenye betri chini ya kitanda, linapita kwenye kidude kinaitwa inveta, halafu friji ndogo inapata baridi. Yaya ana kisukari, na umeme wa nyumba ulikuwa unakatika ovyo, kwa hiyo insulini yake ilikaa kwenye friji yangu.

Joto lilipoanza, vituko vikaanza. Nikishapitiwa na usingizi, kitu kinalia chini ya kitanda, sauti nyembamba kama mtoto aliyefungiwa sandukuni. Nikiinama kutazama, kinanyamaza. Halafu juu ya paa nasikia hatua. Tap, tap, kimya. Tap. Na harufu ikaja, harufu ya kitu kilichokufa, inashuka taratibu kupitia tundu la hewa.

Mtu mwingine angetoka nje kuangalia. Mimi, mlinzi mwenye rungu na kofia, nilijifunika shuka kichwani nikamwomba marehemu msamaha kwa kulalia upande wake. Yaya sikumwambia. Wakati huo alikuwa amekonda, anakunywa maji jagi kwa jagi, sikutaka kumwongezea hofu. Mchana friji ilikuwa vuguvugu, lakini jioni akija kuchukua dawa ilikuwa imeanza kupoa. Nikajiambia, sharp, yaani safi, inafanya kazi.

Siku moja ile sauti ililia bila kukoma, na hatua zikawa nzito. Nikatoka. Ua wetu uko kilimani, na ngazi za mawe nyuma ya kombi zinapanda mpaka usawa wa paa. Nikazipanda polepole, rungu mkononi. Kunguru wakaruka. Na pale juu, kwenye mwanga mkali, mtu aliyejifunika kitenge cheupe alikuwa ameinama, anapapasa kile kioo kwa mikono miwili.

Alikuwa yaya. Kioo chote kilikuwa kimefunikwa na ndakala, wale dagaa wa kwetu Uvira anaowauza kanisani. Mwenye nyumba alimkataza kuanika samaki uani kwa sababu ya harufu, naye akaona kioo cheusi, kipana, cha moto, ambacho hakina mwenyewe. Alikuwa anaanika nikilala, anaanua kabla sijaamka. Jua la betri lote liliishia kwenye samaki. Na aliyekuwa analia chini ya kitanda ni inveta, inalalamika kwamba betri imekwisha.

Nilianza kucheka. Eish, mzimu gani wa kunuka dagaa. Lakini yaya hakucheka. Alinitazama kwa macho yasiyonifikia, akatabasamu.

"Papa," akasema, "umekawia. Kuja ukule, samaki imekauka."

Baba yetu tulimzika Uvira, sisi tukiwa hatujui hata Johannesburg iko wapi. Nikageuka kuangalia nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo fizikia yangu ikafika mwisho wa somo: betri tupu, friji ya moto, dawa iliyooza. Alikuwa anajichoma maji matupu. Nilimbeba mpaka barabarani, rungu nikaliacha. Kliniki walisema sukari imepanda hadi kichwani na ile insulini iliharibiwa na joto.

Alirudi nyumbani akiwa mzima. Ya kule juu ya paa hakumbuki chochote. Siku hizi ndakala wanakaukia kwa jirani, na friji inatoa baridi ya kuuma vidole. Bado, kila jioni akija kuchukua dawa nasimama mlangoni kimya, namwacha yeye aanze kusema. Akiniita mdogo wangu, napumua.

Jana alinitazama kwa muda kidogo kabla ya kuniita. Nadhani alikuwa ananitania. Familia yetu ina utani mbaya.