Somo la Bi Kifudifudi

Tulimwita Bi Kifudifudi kwa sababu hakuwahi kubeba faili la mgonjwa huku jina likionekana. Alilikumbatia kifuani, upande wa jina ukiwa ndani, hata alipovuka ukumbi usio na mtu. Miaka ishirini na mmoja alikuwa kwenye chumba cha mafaili, na kila mwaka ndiye aliyetufundisha wafanyakazi wa hospitali kutunza siri za wagonjwa. Sisi tulisinzia. Wauguzi walichezea simu, na mimi wa dirisha la usajili nilipiga miayo bila hata kuziba mdomo.

Mwaka huu mganga mkuu alimwambia mbele yetu, "Mama, somo lako limepoa. Lichangamshe, la sivyo natafuta mwingine."

Basi akalichangamsha. Aliweka karatasi zake kando, akasimulia. Kulikuwa na mfanyakazi wa humu humu, alisema, aliyewahi kulazwa wiki sita wodi ya wagonjwa wa akili. Faili lake likasahauliwa kwenye meza ya chai. Wenzake wakalisoma kwa kupokezana, na kabla ya jioni habari ikamfikia mchumba wake. Mchumba akaingia mitini.

"Hajaolewa mpaka leo," alimalizia.

Siku hiyo hakusinzia mtu. Tulikaa wima, lakini haya nayasema kwa aibu: hatukuwa tunajifunza, tulikuwa tunabashiri.

"Mpaka leo? Kumbe bado yupo!" muuguzi wa wodi ya wazazi alininong'oneza.

Nami, mdomo wangu hauna breki, nikajibu, "Si yule mama wa kufua mashuka? Hana mume, na anaongea peke yake."

Nilitania tu. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Kufikia saa nane jikoni walishalijua, na walinzi wakaongeza chumvi yao. "Lisemwalo lipo," walisema. Siku ya tatu yule mama alikuta mtu ameandika "wiki sita" kwenye pipa lake la mashuka.

Alikuja chumba cha chai mikono ikiwa bado na povu, analia. "Nimewakosea nini, jamani? Nasikia mnataka niondolewe, eti mimi ni kichaa."

Mimi niliangalia ndani ya kikombe changu.

Bi Kifudifudi alikuwa amesimama mlangoni, faili kifuani. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mwacheni mwenzenu," alisema. "Faili lile lilikuwa langu."

Nilijua la kusema. Nilitakiwa kusimama, niwaombe radhi wote wawili, niseme ulimi ulioanza ni wangu. Nilijiona mchafu kuliko yale mashuka. Nilikuwa bado natafuta ujasiri, yule muuguzi wa wodi ya wazazi akanitangulia, kwa sauti ya huruma kabisa.

"Pole sana, mama. Kwani hasa ulikuwa unaumwa nini?"

Na sisi sote, mimi nikiwemo, tukasogeza viti karibu.