Mgongo Hauponi Kitandani

Mwanangu unayeumwa mgongo, nakumbuka mwaka ule tulipokuwa tukilima shamba la kijiji cha ujamaa hapa Kirongwe, mgongo ulinishika chini huku kiunoni hadi nikaweka jembe. Mwanaidi, binti yangu wa kwanza, alikuwa hata hajaanza kutambaa. Watu wakaniambia lala, nami nikalala. Kitanda chenyewe cha kamba, tena zimelegea, nimezama katikati kama mtoto kwenye mbeleko. Miezi ikapita. Nikilala maumivu yanazidi, na yakizidi, nalala tena.

Mwanaidi akawa analelewa na mama mkwe wangu. Alipoanza kutembea, siku moja akaanguka uani, akalia. Nikamnyooshea mikono kutoka kitandani. Alinitazama, akanipita, akaenda kwa bibi yake. Mwanangu, siku hiyo nililia kuliko yeye.

Mganga wa zahanati alikuwa ameshanipima. Alinigonga magoti, akaniuliza habari za mkojo, akasema hakuna kilichovunjika, mgongo unataka kazi. Akanieleza: lala chali chini, kunja magoti, nyanyua kiuno taratibu, shusha, na kila siku utembee. Nikamwitikia vizuri, nikarudi kitandani kwangu. Niliona haya kunyanyua kiuno mchana watu wanapita, tena niliogopa uti wa mgongo usije ukakatika.

Mama mkwe akamwita somo yangu, yule bibi aliyenifunda nilipovunja ungo.

“Shikamoo, somo.”

“Marahaba. Ondoka hapo.”

“Kiuno kinauma, somo.”

“Kitauma. Nimekufunza kiuno mpaka nikachoka mie, leo wewe wakiweka kama jiwe la kusagia? Hayo ya bwana mganga si ndiyo tuliyoyacheza unyagoni? Teremka!”

Akafunga mlango, akatandika mkeka, akalala yeye kwanza. Mzee yule, magoti yanalia! Nikacheka, na katika kucheka nikateremka. Nilinyanyua kidogo tu, huku namtukana moyoni. Kesho yake akarudi, na kesho yake tena. Baadaye akanitembeza hadi kisimani. Sikupona upesi, na ziko siku nilirudi nyuma nikakata tamaa kabisa.

Asubuhi moja nikiwa mkekani, Mwanaidi akaja, akalala kando yangu, akakunja vigoti vyake na kunyanyua kiuno. Niliinuka naye mikononi.

Basi wewe unayelala tangu mvua zianze, nisikilize. Mguu ukifa ganzi au mkojo ukikataa, nenda hospitali usingoje. La sivyo, anza na kidogo, ukiumwa punguza, lakini usiache. Mgongo wangu hadi leo hunisumbua nikikaa sana kwenye mbuzi kukuna nazi, nami hutandika mkeka.

Mwenyezi Mungu akupe afya, mwanangu, na wanao wakianguka uani wakukimbilie wewe kwanza.