Tryphena na Bunduki ya Matundu Mawili

Kule pwani ya Newfoundland, kisiwa cha Kanada, Tryphena Pardy alijulikana kwa biashara. Mjane huyu aliwahi kutoa kuku asiyetaga akapata jiko la chuma, na mwenye jiko akashukuru. Macho yake yalikuwa yamechoka, hilo ni kweli, lakini hayakuchoka kiasi alichomwaminisha shemeji yake.

Selby, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akiimezea mate bunduki kuukuu ya Tryphena, iliyotoka jeshini baada ya vita. Kila vuli wawili hao walikuwa na kibali kimoja cha kuwinda musi, mnyama mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama makasia. Aliyemwangusha ndiye aliyechagua nyama. Mwenzake aliambulia shingo. Bila bunduki, Tryphena angetafuna shingo mpaka kaburini.

"Nipe mimi, shemeji," Selby alimwambia jikoni. "Utakuja kuua ng'ombe wa watu."

Tryphena alipapasa meza, akapita kikombe, akamimina chai kwenye bakuli la molasi. "Hiyo sauti ya Selby, au kasisi amekuja?"

Maud, mke wa Selby, aliuma kitambaa asicheke. Jana yake tu alikuwa amemwona Tryphena akisoma maandishi ya chupa ya dawa bila miwani: alikunja kidole cha shahada, akaacha upenyo wa kupita sindano, akachungulia humo, herufi zikatulia.

"Basi tupige shabaha," Tryphena akasema kinyonge. "Risasi moja moja, bunduki hiyohiyo. Ukipata nami nikikosa, ichukue. Nikipata nawe ukikosa, inabaki kwangu, mwaka huu napiga peke yangu, na kuni zangu za msimu wa baridi zote unapasua wewe."

"Zote? Hata kesho ukitaka!"

"Kesho. Saa sita mchana, jua likiwa kali. Mzee kama mimi anahitaji mwanga."

Kesho yake walipigilia kifuniko cheupe cha ndoo ya nyama ya chumvi kwenye kisiki, ng'ambo ya kinamasi. Selby akalala chini kwanza. Yeye alizoea bunduki yenye darubini. Hapa alikuta tundu la chuma karibu na jicho, na kijino kwenye ncha ya mtutu. Akataka kijino kikae katikati ya tundu kabisa. Akakagua tundu, akakagua kijino, akarudi kwenye tundu, kama mtu anayesaka kiroboto kwenye sweta. Jicho likatoa machozi. Alipofyatua, matope yakaruka mbali na kisiki.

"Hili tundu limepinda!"

"Pole, shemeji. Kifuniko kiko wapi?" Tryphena aliuliza, akiwa ameelekea baharini.

Maud akamgeuza. Mjane akajilaza juu ya gunia la viazi, akakunjua kibao kilicholala nyuma ya bunduki. Hicho kilikuwa na tundu la pili, dogo zaidi. Akalitelezesha tundu hilo kwenye kibao mpaka alama ya chini kabisa, ya shabaha ya karibu.

"Hilo ni la masafa marefu!" Selby akacheka. "Unampiga nani, mtu wa Greenland?"

Tryphena hakulikagua tundu. Alichungulia tu kama mtu anayetazama nje dirishani, jicho likajipeleka lenyewe katikati. Ukungu ukakatika. Kijino kikasimama wima, cheusi, chini ya kifuniko cheupe.

Mlio. Kifuniko kikazunguka kama pia, kikadondoka.

"Nimepata?" akauliza kwa unyenyekevu.

"Umempata Selby," Maud akasema.

Selby alipasua kuni mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jioni alibisha mlango, ameshika chupa ya dawa.

"Shemeji, Maud kaniambia ile mbinu ya kidole. Nami herufi zinanichezea. Nifundishe, nikupe moyo wa musi wangu."

"Musi wako yupi?" Tryphena akauliza, akamrudishia shoka.