Siku wamama wa fellowship yetu ya Kibera walichungulia chini ya bahari

Wakuu, habari zenu. Na wewe rafiki yangu ambaye husoma hapa kimya kimya bila kuandika kitu, wewe hasa ndiye naongea na wewe. Vuta kiti, weka chai karibu.

Hii nawaambia ni ukweli mtupu. Msichana wangu ako kwa hii forum, na hii story ameisikia tangu akiwa mdogo. Nikiongeza chumvi ataniumbua hapa hapa.

Ni mwisho wa miaka ya tisini. Sasa niko kwa forties, kwa hivyo mpige hesabu wenyewe. Nilikuwa naishi Kibera, ile side ukipanda kidogo unatokea Ayany. Mchana nauza mitumba kwa stage ya Kawangware 56, jioni nakimbia kwa ngumbaru kusoma na watu wazima wenzangu.

Siku moja nafungua bale ya nguo za watoto. Katikati ya suruali na soksi, nikashika kitu ngumu.

Nikaivuta. Ni miwani kubwa ya raba, inafunika mpaka pua, na kando yake imeshikwa na paipu imepinda kama mkono wa birika.

Stage yote ilikuja kuona.

Mama wa mboga akasema hiyo ni ya kukatia vitunguu, wazungu hawapendi kulia. Jamaa wa welding akaivaa, akasema miwani ni ya fundi lakini hiyo paipu haelewi. Mwingine akasema ni ya mgonjwa wa pumu, niirudishe haraka kabla sijapata pumu.

Nikaipeleka ngumbaru. Mwalimu wetu alicheka mpaka akakaa chini. Akatuandikia kwa ubao: SNORKEL. Akasema unalala kifudifudi juu ya maji, unapumua na paipu, unaangalia samaki.

"Halafu unawashika?" mzee mmoja akauliza.

"Hapana. Unawaangalia tu."

Darasa lote ikaguna. Kuangalia samaki tu! Na ulipe nauli!

Basi wakuu, mimi nikiambiwa kitu lazima nijaribu. Jumamosi nikajaza beseni maji nje ya nyumba, nikavaa ile kitu, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa. Plot yote ikatoka. Watu walicheka hiyo siku mpaka landlord akakuja kuuliza nani anaoa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Akinyi.

Huyu ndiye mtu wa hii story, kwa hivyo ngoja niwaeleze. Mama Akinyi alikuwa jirani yangu, anasuka nywele pale Kawangware karibu na meza yangu. Ni mtu wa kutoka kando ya ziwa. Kwa fellowship yetu ya wamama hakuna mtu alikuwa na sauti kama yake. Akianzisha wimbo, hata wenye wanapita njia wanapunguza mwendo.

Ndugu yake, Omondi, alizama kwa ziwa kabla yeye hajakuja Nairobi.

Hiyo uchungu alikuwa amebeba vizuri tu, miaka na miaka. Halafu kukakuja mhubiri mgeni kwa crusade. Sitataja mtu. Akasema chini ya maji kuna ufalme wa giza, mji mzima wa majini na mapepo, na kila mtu aliyekufa maji yuko huko anawatumikia.

Wale mnakumbuka hiyo miaka, mnajua. Hizo hadithi zilikuwa kila mahali. Watu walikuwa wanaogopa hata herini, eti zinatoka huko chini.

Tangu hiyo crusade Mama Akinyi hakuimba tena. Anakuja fellowship, anakaa, anafungua mdomo, hakuna kitu inatoka. Aliniambia kila akifunga macho anaona Omondi kwa giza akifagia nyumba ya watu hawajui.

Sasa siku ya beseni akanikujia polepole, wengine wakiendelea kucheka.

"Ukiwa huko ndani unaona?"

"Naona kabisa. Naona mpaka maua ya beseni."

Akafikiria. "Kama ungeangalia maji kubwa, ungeniambia ukweli? Hata kama ni mbaya?"

"Haki ya Mungu ningekuambia."

Mimi nikisema hiyo, nilikuwa sijawahi ona maji kubwa kuliko Nairobi Dam. Lakini Mungu ako na mipango yake. Haikupita muda, fellowship moja ya Pwani ikatualika kwa maombi ya wamama. Tukachangishana, tukaenda.

Safari sitaeleza, tulifika.

Mwenyeji wetu alikuwa dada anaitwa Kadzo, Mgiriama, mwembamba, mpole, Kiswahili yake safi mpaka tunaona haya kujibu. Maombi yakaisha, tukamwambia tunataka kuoga bahari kabla turudi.

Hapo Mama Chair akasimama. Mama Chair ndiye alikuwa chairlady wetu. Mama mkubwa, mkali, moyo wa dhahabu.

"Wamama wa Kibera hawataoga mbele ya wanaume. Hakuna mwanaume ataona goti ya mwanachama wangu."

Kadzo akafikiria. "Iko pwani moja ambayo hakuna mtu anayefika. Gari haliendi, hoteli hakuna. Lakini ni kutembea, mama. Ni kutembea kwelikweli."

"Sisi tunatoka Kibera mpaka Kawangware kwa mguu," Mama Chair akasema. "Huku tutashindwa na nini?"

Wakuu. Kutoka Kibera mpaka Kawangware ni barabara.

Huku tulianza na mikorosho, sawa, kivuli kizuri, tunaimba. Halafu mikorosho ikaisha, tukaingia kwa vichaka, miiba inatushika leso kama kondakta. Halafu ikaanza yale mawe ya matumbawe, yale yana meno kama mbuzi ya kukuna nazi. Mama Chair alikuwa amevaa viatu ya kanisa, ya heel. Na alikataa kuacha ngoma ya fellowship nyuma, kwa hivyo kila akiteleza ngoma inalia: du!

"Kadzo, tumefika?"

"Karibu, mama."

Du!

"Kadzo, hiyo karibu yako ni ya kilomita ngapi?"

Mwisho ya njia ilikuwa ukuta ya mwamba. Unashuka ukishikilia mizizi. Mama Chair akaangalia chini, akafunga macho, akakaa, akashuka na makalio huku akikemea kila shetani anayejua kwa jina. Sisi wengine tulikuwa tumekufa kwa kicheko, mtu hawezi hata kushika mzizi.

Halafu tukageuka, tukaona.

Sijui niwaambie nini. Mchanga mweupe kama unga wa ngano, hakuna hata alama ya mguu. Maji yamekupwa, Kadzo alisema, yameacha vidimbwi vikubwa katikati ya miamba, vya kufika kiunoni tu, vimetulia kabisa. Wamama wazima, wenye watoto na madeni ya chama, walitupa viatu wakaanza kukimbia wakipiga nduru.

Mama Akinyi hakukimbia. Alikaa kwa jiwe, viatu mguuni, kibeti kwa magoti, anaangalia maji kama mtu anangoja daktari.

Nikatoa ile miwani kwa kikapu.

"Hiyo ni nini?" Mama Chair.

"Ni ya kuangalia chini."

"Chini wapi? Huko chini unajua kuna nani?"

"Mama Chair, Mungu aliumba samaki siku ya tano. Aliziweka wapi, kwa kabati?"

"Usinichezee na Biblia! Hayo mambo ya chini ya bahari tumefundishwa. Ukiingia na hicho kitu, ujue kwa fellowship haumo tena."

Mimi nampenda Mama Chair na nilikuwa namtii kwa kila kitu. Lakini nilikuwa nimeapa. Nikafunga leso juu ya petikoti, nikaomba kidogo, nikaingia. Nikaweka paipu kwa mdomo. Nikalala juu ya maji.

Wakuu na rafiki yangu.

Kwanza ni mwangaza. Mimi nilidhani jua huishia juu. Kumbe inaingia mpaka chini kabisa, inacheza kwa mchanga. Mawe yako na vitu vimeota, zingine kama kabeji, zingine kama matumbo safi ya kuuzwa. Kuna kitu nene nyeusi imelala hapo chini, mutura kabisa, ile soseji ya damu, inangoja tu chumvi. Samaki ya njano na mistari nyeusi. Samaki ya bluu, bluu ya sabuni mpya ya mche. Halafu kundi ya samaki kidogo kidogo, mamia, zimesimama zote pamoja, mara zote zikageuka mara moja, vile hawkers hugeuka wakiona askari wa kanjo.

Nilisahau niko na paipu. Nikapiga kelele, "YESU!"

Sasa, "Yesu" ikipitia kwa paipu, kwa nje haitoki Yesu. Inatoka "HUUUUUU!"

Huko juu wamama walisikia bahari ikilia na sauti ya kiume.

Nikashtukia nimeshikwa miguu. Nimevutwa nyuma kama gunia ya viazi. Mama Chair na wenzake wamenilaza kwa mchanga, mmoja ananipiga na tambarini, ngoma inalia, wote wanakemea.

"Mtoke! Mtoke ndani yake!"

Mdomo wangu umejaa raba. "Hamaki!"

"Umesikia jina yake? Hamaki! Toka Hamaki!"

Nikatema paipu. "SAMAKI! Mama Chair, ni samaki!"

"Samaki gani?"

"Ya njano!"

"Pepo ya njano, toka!"

Kadzo alikuwa amekaa chini, hawezi kuongea, machozi yanamtoka kwa kicheko. Ndiyo wakaacha kunipiga.

Na hapo Mama Akinyi akaongea kutoka kwa jiwe lake.

"Mama Nafula." Hiyo ni mimi. "Kuna giza?"

Nikakaa. Nikatoa mchanga kwa macho.

"Hakuna."

"Uliapa."

"Niliapa na sijadanganya. Jua inafika mpaka chini. Hakuna mji, hakuna nyumba, hakuna mtu anafagia. Ni maua na samaki."

Mama Akinyi akaangalia maji tena. Halafu akaweka kibeti chini, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili.

"Mama Akinyi, usithubutu," Mama Chair akasema, lakini sauti imepungua.

"Mama Chair, wewe shika mkono wangu uombe. Omba vile unaweza. Lakini mimi naangalia."

Na Mama Chair, wakuu, aliingia kwa maji na nguo yake ya kanisa. Akamshika mkono mmoja, mimi nikashika mwingine. Mama Akinyi alinifinya mkono mpaka vidole vikauma. Nikamvalisha miwani. Akainama.

Mwanzo paipu inapumua tu, haraka haraka. Mama Chair anaomba chini chini, macho wazi.

Halafu paipu ikapunguza. Halafu ikanyamaza kidogo, mpaka nikaogopa.

Halafu ikaanza kucheka.

Mmewahi kusikia mtu anacheka kwa paipu? Ni kama bata ameambiwa siri. Alicheka, akacheka, na mkono ukalegea. Alikaa huko chini sana. Tulimwona kichwa inageuka huku na huku kama mtoto kwa dirisha.

Akatoka, akavua miwani. Sikujua gani ni machozi na gani ni bahari.

"Kumbe huko chini ni mchana," akasema.

Hiyo tu.

Baadaye akaniambia, "Najua ya kwetu iko na matope, si kama hii. Lakini sasa nikifunga macho, nitaona hii." Kwa hivyo yule anataka kuandika hapa chini eti ziwa si bahari, tafadhali pumzika. Tulijua.

Mama Chair alikuwa bado amesimama kwa maji, anaangalia ile miwani kwa mkono yangu kama mtu anaangalia chapati ya jirani.

"Lete hiyo kitu. Kama chairlady lazima nihakikishe."

Alihakikisha! Alihakikisha mpaka tukachoka kungoja. HUUUU ya kwanza. HUUUU ya pili. Kila mtu akitaka turn yake anafukuzwa na mguu. Kadzo akaanza kuita, "Mama, maji yanajaa, turudini!" na mama wa watu ameelea huko kama boya, hasikii. Ilibidi tumvute miguu vile alinivuta mimi, na ukweli nilivuta na nguvu zaidi ya ile ilihitajika.

Tulipanda ule mwamba tukiwa na chumvi mpaka kwa nyusi. Tulipofika kwa mikorosho, bila mtu kumwambia, Mama Akinyi akaanzisha wimbo.

Sisi wote tulisimama. Hata Kadzo, ambaye hakuwahi kumsikia, alisimama. Halafu Mama Chair akapiga ngoma, du, na tukaimba mpaka barabara.

Jumapili iliyofuata, huko Kibera, Mama Akinyi alisimama kwa testimony. Akasema, "Niliambiwa ni giza. Nikaenda nikaangalia." Akakaa. Ndiyo testimony fupi zaidi nimewahi kusikia, na kanisa ilipiga makofi mpaka mabati ikalia.

Ile miwani ilizunguka fellowship yote. Kila mama akienda Pwani anaibeba. Kamba yake ilikatika, nikaifunga na blada ya baiskeli. Mpaka leo iko kwa kabati yangu, na Mama Akinyi bado anaimba.

Mimi nilichojifunza ni hiki. Mtu akikutisha na mahali, muulize kwanza, wewe uliona? Na kama hakuona, omba Mungu, funga leso, uende uangalie mwenyewe. Imani yangu haikupungua hiyo siku. Niliona kazi nyingine ya Mungu ambayo sikuwa najua ya kumshukuru.

Sasa nawaachia. Nani hapa ameshawahi kuchungulia chini ya maji? Uliona nini? Andika, nasoma zote, hata za kunicheka.

Na wewe rafiki yangu wa kusoma kimya kimya, hata kama hutaandika, nifanyie kitu moja. Najua kuna mtu unamjua, alipoteza mtu wake kwa maji na amejazwa maneno ya giza. Mpelekee hii. Mwambie Mama Akinyi aliangalia, na huko chini ni mchana.