Kadi Namba Arobaini na Moja

Pale dukani wanamwita Bwana Kitambaa. Yeye ni fundi wa miwani, na kila fundi wa miwani ana kitambaa, lakini cha huyu hakimtoki begani hata akienda msalani. Akipita kwenye meza, anafuta. Akikaribishwa kiti kwa watu, anafuta kwanza ndipo akae. Inasemekana aliwahi kumfuta mteja pua kabla ya kumvisha miwani, na mteja, maskini, akasema asante.

Kazini hilo ni jambo jema, maana lenzi haitaki hata vumbi la kusingiziwa. Nyumbani ni balaa. Mwaka alioamua kupaka nyumba rangi, alipaka pia mwimo wa mlango wa jikoni, pale mkewe alipokuwa akiwapima watoto wao urefu kwa penseli tangu waanze kusimama. Mistari kumi na saba, ya watoto wawili, ikaenda na brashi. "Si nimesafisha?" alisema, akiwa bado na kopo mkononi. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Alimnunia siku nne.

Watoto wakakua, wakaenda kutafuta maisha, nyumba ikabaki na watu wawili na viti vinane. Hapo ndipo Bwana Kitambaa aliporudi utotoni. Alipokuwa na miaka kumi, ndani ya pakiti za biskuti kulikuwa na kadi za wachezaji mpira, sitini na nne kwa jumla, na yeye alizipata sitini na tatu. Iliyomshinda ni namba arobaini na moja, kadi ya kipa waliyemwita Sumaku. Alikula biskuti mpaka magego yakatoboka, Sumaku hakutokea. Baadaye familia ilihama na kadi zote zikapotelea njiani pamoja na sufuria mbili na jogoo.

Sasa kuna mtandao, na mtandaoni kuna ukurasa wa wakusanyaji, ambako watu wazima wenye wajukuu wanatukanana kwa sababu ya kona ya kadi, kama imejikunja au haijajikunja. Bwana Kitambaa alijiunga kama mchezo tu. Akanunua moja, akanunua nyingine, bahasha zikawa zinafika dukani kila wiki. Ilimchukua miaka sita kufika sitini na tatu tena. Na tena, kama vile kuna mtu anamtania, aliyekosekana ni Sumaku.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, kijiko kikiwa mdomoni, alimwona Sumaku. Mwanamke mmoja, mgeni pale ukurasani, alikuwa ameweka picha ya kadi upande wa mbele. Rangi zilikuwa hai, kona zote nne kali. Chini yake aliandika: "Tunahamisha vitu vya nyumba ya wazazi. Kadi moja ya mpira, ya zamani. Nyuma ina maandishi ya mtoto, kwa penseli."

Bwana Kitambaa nusura ameze kijiko. Lakini mnunuzi ni mnunuzi. Alivuta pumzi, akaandika: "Dada, kadi si mbaya, ila hayo maandishi ndiyo yanaiua. Kwetu wakusanyaji kadi iliyochorwa ni takataka. Nipunguzie nusu nikuondolee usumbufu."

"Sawa kaka," akajibu yule mwanamke. "Mimi mambo haya hata siyajui. Nusu inatosha."

Hapa inafaa niseme jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua vizuri wakati vidole vyake vikiandika neno takataka. Kwenye kadi, wino ndio msiba. Penseli inafutika.

Bahasha ilifika baada ya siku tisa. Aliigeuza kadi, akaona maandishi yenyewe: mistari mitatu iliyopanda mlima kuelekea kulia. *Kipa huyu ni wangu. Usiguse. Nitajua tu.* Chini yake kulikuwa na jina la mtoto na darasa lake. Bwana Kitambaa alicheka, kwa kweli alicheka kwa upendo, maana naye alikuwa mtoto wa aina hiyo. Kisha akachukua ufutio mweupe laini, ule anaotumia kusafishia pembe za fremu, akafuta taratibu kwa dakika ishirini. Alipomaliza alipuliza vumbi la raba, akapitisha kitambaa. Safi. Akamweka Sumaku kwenye nafasi yake, akapiga picha albamu iliyokamilika na kuituma ukurasani. Watu wakamwagia sifa kutwa nzima, na yeye akazinywa zote.

Baada ya wiki tatu, ujumbe ukaingia.

"Kaka, samahani kwa usumbufu. Ile kadi ilikuwa ya marehemu kaka yangu. Alifariki akiwa na miaka tisa, mimi nikiwa sijazaliwa. Tulipokuwa tunahamisha vitu mama alikuwa amelazwa. Sasa amerudi na cha kwanza alichoniulizia ni kadi. Kumbe yale maandishi ndiyo mwandiko pekee wa mwanawe uliobaki, madaftari yaliliwa na mchwa. Najua kwako ni uchafu, ila nakuomba unipigie picha ya upande wa nyuma. Macho ya mama yanazidi kufifia, anataka auone kabla hayajazima. Kadi ni yako, hatutaki kukunyang'anya."

Bwana Kitambaa alikuwa amesimama. Akakaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakufuta kiti.

Siku ya kwanza hakujibu. Ya pili akajidanganya kwamba anatafuta maneno. Ya tatu alisaga lenzi ya kushoto kwa vipimo vya kulia, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja halifanyi, na mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Roho ilikuwa ikimsuta. Maisha yake yote amekula kwa kuwawezesha watu kuona, na sasa kuna mama mahali fulani anasubiri kuona mistari mitatu, na yeye ameipuliza chini pamoja na vumbi la raba, akaifagia. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yake hayakungoja hata kuzaliwa mtoto.

Jumamosi mkewe alimkuta mezani na albamu imefunguliwa, kadi moja iko nje, kifudifudi.

"Baba watoto, nani kafa?"

Akampa simu. Mkewe alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akaivua.

"Sasa si umpigie picha? Kazi ya dakika moja hiyo."

"Hayapo."

"Hayapo yamekwenda wapi?"

Bwana Kitambaa aligusa kitambaa begani, na mkewe akaelewa. Aligeuza kichwa akatazama mwimo wa mlango wa jikoni, mweupe, hauna hata doa. Bwana Kitambaa alitamani amgombeze. Angemrushia hata sahani ingekuwa nafuu.

"Nayakumbuka yote," alisema haraka. "Neno kwa neno. Naweza kuyaandika tena. Mama mwenyewe haoni vizuri…"

"Jisikilize unavyosema."

 Mkewe alivuta kiti, akakaa, akaisukuma kadi kwa kidole kimoja.

"Alikuwa darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Mtoto wa umri huo haandiki kwa vidole, anaandika kwa bega zima," alisema. "Nimefundisha miaka thelathini na mbili. Anachoandika ukurasa wa kwanza unakisoma ukurasa wa nne. Umefuta rangi ya penseli wewe. Mkono wake sidhani kama umeufuta."

Bwana Kitambaa hakungoja chai. Alikwenda dukani, akafungua karakana, akaiwasha taa ya kukagulia mikwaruzo ya lenzi. Akailaza kadi, akaishusha taa mpaka mwanga ukawa unakuja kwa ubavu. Mwanzoni hakuona kitu. Akaisogeza kidogo, na mistari mitatu ikajitokeza, michirizi ya kivuli iliyopanda mlima kuelekea kulia. Kila herufi ilikuwepo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa, akatazama tena.

Angepiga picha hapo hapo, akamaliza, hadithi hii ingekuwa na raha. Lakini mkono wa fundi haupendi kazi nusu. Aliona kuwa michirizi ile ni mifereji, na kwamba ncha ya penseli ikiwekwa humo itapita yenyewe. Si kughushi, alijiambia. Ni kurudisha. Akachonga penseli, akavaa lenzi ya kukuzia, akaiweka ncha kwenye herufi ya kwanza. K kubwa, yenye mkia mrefu unaoburuta. Ikatoka nyeusi, nzuri, imenyooka kuliko mtoto yeyote wa miaka tisa angeweza. Akainua penseli aanze ya pili, na macho yakatangulia mkono, yakafika kwenye neno *usiguse*.

Penseli ilimdondoka. Akachukua ufutio ili aiondoe ile K, akausogeza mpaka karibu kabisa na karatasi, na hapo mkono ukagoma. Yeye, aliyefuta kila alichokutana nacho duniani, hakuweza kuugusisha ufutio kwenye kadi ile mara ya pili. Akaiacha kama ilivyo.

Alipiga picha sita. Kisha akaandika: "Dada yangu, maandishi hayapo tena. Niliyafuta mimi, kwa mkono wangu, siku kadi ilipofika. Nilikuambia ni takataka ili unipunguzie, na nilijua tangu mwanzo kwamba penseli inafutika. Alama za mkono wa marehemu zimebaki, zinaonekana ukiweka taa kwa ubavu. Kadi yenyewe naituma irudi kwa mama. Nisameheni." Kuhusu ile K hakuandika neno. Aliona amekiri mengi ya kutosha kwa siku moja. Akatuma, Jumatatu akaipeleka kadi posta, na njia nzima kurudi alitembea kama mtu aliyetua gunia. Alipomsomea mkewe ule ujumbe, mkewe alimshika bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya kitambo.

Siku kumi na mbili zilipita kabla ya jibu. Lilimkuta mchana wakiwa wawili jikoni, mkewe akimenya viazi.

"Kaka, kadi imefika. Nilikukasirikia sana, sikufichi. Mama nimemweleza kila kitu. Hayo maandishi ya kivuli hayaoni, tumejaribu kila taa. Lakini ile herufi ya kwanza, ile K uliyoiacha, anaiona vizuri kabisa. Anasema ndiye yeye, ndivyo alivyokuwa akiuburuta mkia. Tangu asubuhi ameiwekea kidole, hataki tumwondolee hata ale. Anasema mtu aliyefuta yote halafu akaishiwa nguvu kwenye moja, huyo bado ana utu. Anakuombea. Asante kwa kutuachia hiyo moja."

Alisoma mara mbili. Akaanza kuandika: *Dada, ile K si…* Akafuta. *Mwambie mama kwamba…* Akafuta. Akamwona akilini bibi asiyemjua, kidole chake juu ya alama ya penseli aliyoichonga yeye. Akakumbuka mstari wa tatu, ule ambao mama hauoni na yeye anaujua kwa moyo: *Nitajua tu.*

"Wamesemaje?" mkewe aliuliza bila kuinua kichwa.

Aliilaza simu kifudifudi mezani. Akavuta kitambaa begani, akakikunja, akakishika.

"Wameshukuru," alisema.

"Umeona sasa?" Mkewe akatabasamu, akaendelea kumenya.