Kona ya Kila Muntu kwenye Plato

Kwetu, juu ya Mushaki, hakuna mwanamuke aliyekosa misa ya Jumapili kwa sababu ya jiko. Chakula kilijipika chenyewe. Nikiwaambia wabinti zangu, wanacheka, wanafikiri mama anazeeka. Lakini njo vile ilikuwa.

Mama mukwe wangu alikuwa na furu ya udongo nyuma ya nyumba, ya mviringo kama muntu aliyechuchumaa ndani ya blanketi. Jumamosi alioka ndani yake mikate midogo ya kuuza kwa magari ya Sake na Masisi. Jumapili asubuhi alitia tena matawi ya mikaratusi, yanawaka mpaka udongo wa ndani unabadilika rangi, unakuwa mweupe. Hapo anavuta makala yote, yale makaa ya moto, inje, anafagia majivu na majani mabichi, na plato inaingia.

Haikuwa plato ya duka. Baba mukwe alipasua pipa la mazuti ya magari, akalipiga na nyundo siku mbili mpaka bati likalala, akalichoma kwenye moto mukali ili harufu itoke, kisha akakunja kingo zote ine zisimame urefu wa kidole kimoja, mafuta yasimwagike. Ilikuwa pana kama mulango wa dirisha. Wanawake wawili waliibeba, huku na huku, na anayetembea nyuma njo anayepiga kelele.

Kazi yenyewe ilikuwa kidogo. Chini tulipanga birayi, vile viazi vya kwetu vya ngozi nyekundu, vimekatwa mara mbili tu, na maganda yake. Juu yake karoti, puaro, vile vitunguu vya majani marefu, na vitunguu vya kawaida. Kama kulikuwa na mbuzi, vipande vyake vinakaa katikati, mafuta yake yashuke kwa viazi. Chumvi, na mawese ya Walikale, yale yaliyokuja kwa mabega ya watu. Mikono ya watoto ilichanganya yote. Tunaingiza, tunafunga furu na kipande cha manjanja, bati la kuezeka nyumba, tunaziba pembeni na mavi mabichi ya ng'ombe ili joto lisitoke. Tunanawa, tunavaa, tunakwenda kusali. Kama padri alisema maneno mengi, viazi viliiva zaidi. Hata siku moja sikusikia muntu akilalamika juu ya hilo.

Mavi yale yalitoka kwa jirani. Sisi tulikuwa watu wa jembe, yeye na bwana wake watu wa ng'ombe, na kati yetu kulikuwa ukuta wa miti tu. Alikuwa na umri wangu, tuliolewa mwaka moja. Mimi masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primeri, yeye hakuingia hata siku moja, lakini alihesabu ng'ombe wake kwa macho akiwa anaongea na wewe. Binti yangu wa kwanza alizaliwa katika mikono yake, mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda hospitali.

Jumapili alileta fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe wake. Tukitoka misa tunavunja yale mavi yaliyokauka, tunavuta plato inje, tunatia shu, kabichi ya shamba letu, iliyokatwa nyembamba, na juu kabisa fromaji yake. Tunarudisha kidogo. Wakati wanaume wanabadilisha mashati, fromaji imeshuka ndani ya shu na pembeni imekuwa nyekundu.

"Ninyi watu wa jembe," alikuwa anasema, "munakula majani kama ng'ombe wangu."

Mama mukwe anamujibu: "Ni ng'ombe wako njo wanakula shu zetu! Hii fromaji si yako, ni deni ya shamba langu inarudi."

"Basi Mama, leo utakula shamba lako na nyuzi nyuzi."

Na kweli fromaji ilivutika kama uzi, watoto wakashindana nani atavuta mbali.

Sasa musikilize desturi ya plato ile, kwa sababu njo mambo yangu yote yalitokea hapo. Kila aliyetia kitu kwenye plato alikuwa na kona yake. Aliyeleta chumvi tu, ana kona. Mama mukwe alichora mistari na kisu, na hakuna muntu aliyevuka mustari wa mwenzake. Kama muntu hakufika, kona yake haiguswi. Inafungwa ndani ya majani ya ndizi, inapelekwa pale alipo, hata kama iko mulima wa pili. Kukula kona ya muntu asiyekuwepo ilikuwa wizi, na kuiacha ipoe bila kuipeleka ilikuwa zaidi ya wizi. Mama mukwe alipokufa, kisu kilikuja kwangu.

Watu wanasema vita ilituharibia. Mimi sisemi hivyo. Vita haina miguu. Ilikuja na miguu ya watu, na wengine ninawajua mpaka namna wanavyokohoa. Iko yule chefu wa kijiji aliyewaandikia wenye bunduki ni nyumba gani ina manjanja mapya. Iko mwalimu wa kijiji aliyekuja kung'oa mulango wetu sisi wenyewe tukiwa bado tunaonekana njiani. Na iko shemeji yangu, mudogo wa bwana yangu, niliyemupikia miaka yote ile. Huyo njo ninaandika habari yake.

Wenye bunduki walipoanza kupita wakitafuta nyama, jirani na bwana wake walipandisha ng'ombe wao saba, wakawaficha kwenye mianzi, juu ya chemchem. Mimi peke yangu niliambiwa. Jumamosi alinipa fromaji kupitia kwenye ukuta, akaninong'oneza: "Kesho sitakuja. Mukule tu."

Mukule tu! Nitakula namna gani fromaji ya muntu, na kona yake iko pale inaniangalia?

Jumapili nilikata plato. Kona yake nikaifunga. Miguu yangu ilikuwa imevimba, nilikuwa na mimba ya mwisho, nisingeweza mulima ule. Nikamuita shemeji.

"Shemeji, peleka hii kwa mama wa ng'ombe. Wako kwenye mianzi juu ya chemchem. Usiongee na muntu."

"Mimi nimekuwa mutoto?" akasema. Akachukua, akapanda. Alirudi anapanguza midomo. Hata ile kona sijui kama alifika nayo yote.

Jumatatu wenye bunduki hawakutafuta. Walipita mbele ya nyumba yangu na kupanda moja kwa moja, kama watu wanaokwenda kwao. Ng'ombe wote saba walishuka. Bwana wa jirani yangu walimupiga mpaka mukono wake wa kuume haukukamua tena mpaka alipokufa. Na siku ya Jumatano shemeji alitembea uani kwangu na buti mpya za plastiki.

"Umezitoa wapi?"

"Nimeziokota."

"Buti mbili, namba ya miguu yako, zilikungojea njiani?"

"Shemeji, unapenda maneno mengi."

Nilimwambia bwana yangu. "Nyamaza," akasema. "Ni mudogo wangu. Na sasa anatembea na wale." Nikanyamaza. Nilikuwa na watoto wane na moja tumboni. Leo ninajua kwamba hofu ilikuwa sababu moja tu. Ya pili ilikuwa hii: kama nikimutaja yeye, jirani ataniuliza nani alimutuma.

Jirani alishuka na bwana wake, mukono wa bwana umefungwa na kitenge. Alipita karibu na mimi, hakunisalimia. Aliangalia furu yangu, akaniangalia. Alijua kwamba ni mimi peke yangu niliyeambiwa. Walikwenda upande wa Burungu, kwa ndugu zake.

Miezi kidogo mbele, na sisi tulikimbia. Plato ilibaki. Tulikaa Sake, kisha Bweremana, miaka mingi, na kule bwana yangu alikufa. Bweremana niliwapikia watoto sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwenye kifuniko cha sufuria, makala chini na makala juu, tomati na kitunguu, na watoto wakasema ni tamu. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Lakini nilikata kona na hakukuwa na mwenye kukosa. Tulikuwa wote pale, nyumba moja, kama vidole vya mukono moja. Njo nilijua vile inauma kukula bila jirani.

Tulirudi. Nilikanda udongo, nikajenga furu ingine mahali palepale. Mwenye kuchomelea vyuma, karibu na barabara, alinifanyizia plato kwa pipa. Na siku moja ninamuona, mama wa ng'ombe, amekaa barabarani na bidoni, madumu ya maziwa. Alikuwa amerudi mujane, kama mimi, anachunga ng'ombe wawili wa muntu mwingine. Nilimusalimia: "Umeamka, Mama?" Aliendelea kupima maziwa. Kila asubuhi nilipita, kila asubuhi nilisalimia, na kila asubuhi alipima maziwa. Wengine wakaanza kunicheka: "Mama, wewe unasalimia bidoni?"

Binti yangu, yule aliyezaliwa katika mikono yake, alipobatizisha mutoto wake, alikwenda kumualika yeye mwenyewe. Sikumutuma. Siku ile tukitoka kanisani ninamukuta jirani kwenye kiti changu, na fromaji ndani ya kitambaa juu ya magoti. "Nimekuja kwa mutoto," akaniambia. "Si kwa wewe." Nikasema asante, Mama. Nilikata shu bila kuiangalia, ikatoka vipande vinene kama vya ng'ombe, kweli.

Shemeji alikuja pia. Leo ni muntu mukubwa, anavaa koti, anasoma matangazo kanisani. Anasalimia watu na mikono miwili. Plato ilipotoka, moshi wake mutamu ukajaa uani, watoto wakaanza kusukumana. Alisimama, akanyoosha mukono.

"Shemeji, lete kisu. Kaka yangu hayuko, mimi njo nitakata."

"Kisu hapana," nikasema.

Akacheka, akaangalia watu. "Mumesikia? Mama mwenye furu anaogopa nitajikatia kona kubwa."

"Siogopi kona kubwa. Ninaogopa vile unavyopeleka kona za watu."

Binti yangu akanivuta kitenge: "Mama, leo ni ubatizo." Nilijua ni ubatizo. Nilijua pia kwamba nikimupa kisu, atakatia yule mama chakula na mukono uleule, naye atakula bila kujua, na mimi nitakuwa nimemufanyia mara ya pili.

Nikageuka kwa jirani. Sikuweza kukaa.

"Mama, ng'ombe wako hawakuonekana kwa bahati. Huyu njo aliwaonyesha wenye bunduki njia. Walimupa buti."

"Wewe!" shemeji akapiga kelele. "Muzee mwenye sumu ya ulimi! Iko nani aliona? Vita ilikuwa ya wote!"

"Buti zilikuwa zako peke yako."

Jirani hakumuangalia hata kidogo. Aliniangalia mimi. "Na yeye alijulia wapi?"

Hapo njo nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote nilikuwa nimepanga kusema jina la kwanza, la shemeji, na la pili, langu, nikalificha chini yake.

"Mimi nilimwambia. Nilimutuma na kona yako ya plato. Nilikuwa na mimba, sikuweza kupanda. Sikutaka chakula chako kipoe."

Fromaji ilikuwa inakauka juu ya shu.

"Kwa sababu ya viazi," akasema pole pole.

"Kwa sababu ya viazi, Mama."

"Mimi nilikuwa nimekuambia mukule tu."

"Uliniambia."

Alisimama, akampa binti yangu mukono, akagusa kichwa cha mutoto, akaenda. Shemeji naye alitoka, akipiga mulango wa uani, na mpaka leo anawaambia watu kanisani kwamba nimevunja familia. Aseme. Familia aliivunja siku aliyopanda mulima na kifurushi changu, na mimi nilimupa njia.

Kona ya jirani niliifunga, nikaipeleka mimi mwenyewe, na miguu yangu hii mibaya. Alipokea mulangoni. Hakunikaribisha, wala hakuitupa mbele yangu. Nikarudi.

Jumatatu nilipita barabarani, nikasalimia, akapima maziwa. Jumanne vilevile. Jumatano kulikuwa ukungu, sikumuona vizuri, niliona tu bidoni na kitenge chake.

"Umeamka, Mama?"

Maziwa yalishuka ndani ya chupa ya muntu mpaka yakajaa. Alifunga kizibo, akapanguza chupa, akaitoa.

"Tumeamka," akasema. Hakuinua kichwa.

Nilikuwa nimetoka kwenda kununua chumvi, nikaisahau. Nilifika mpaka shambani, mikono mitupu, bila hata jembe, nikakaa kwenye jiwe mpaka ukungu ukaondoka.